Theluji Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ndiyo maana jina lake halitajwi hapa. Wenyeji wake wataitambua bila kuambiwa, na viongozi wake watasema inazungumziwa nchi ya jirani.

Ni nchi njema. Ina katiba, ina bendera, na ina kawaida moja ambayo mataifa mengine hayajajaliwa kuwa nayo: kitu kisichozinduliwa na mgeni rasmi hakipo. Kisima kikitoa maji kabla ya uzinduzi, maji hayo huwekwa chini ya ulinzi wa polisi mpaka Mheshimiwa afike kuyaonja. Choo cha shule moja kilizinduliwa kwanza kikiwa shimo, kikazinduliwa tena kikiwa kuta, kikazinduliwa kwa shangwe kubwa zaidi kilipopata mlango, na muda wote huo watoto waliendelea kujisitiri vichakani kwa uzalendo. Daraja la Mto Songa lilikaa msimu mzima wa mvua likiwa limekamilika, na watu wakavuka chini yake, maji yakiwafika kifuani, wakitazama juu na kulisifia. Wawili walisombwa. Jiwe la uzinduzi lina jina la Mheshimiwa kwa herufi za dhahabu, na hao wawili hawamo.

Katika mkoa wa Kilimabaridi, ulio juu kuliko mikoa yote, wa viazi na ukungu, hakuna aliyeijua kawaida hiyo vizuri kama Sikudhani, ambaye watu walimwita Mama Tausi. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake wa vigelegele. Itifaki ya nchi ile inasema utepe haukatwi mpaka kigelegele cha kwanza kipigwe, na cha kwanza kilikuwa chake. Alikuwa na sauti ya kuvuka vilima viwili na kurudi. Aliwapigia mawaziri, manaibu, wenyeviti wa bodi, na siku moja alipiga kwa ajili ya mashine ya kusaga iliyofunguliwa na shemeji wa katibu mkuu. Na alikuwa akiamini. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wapo watakaodhani alifuata kitenge cha bure. Mwanamke huyu aliamini kabisa kwamba Serikali ikikutazama usoni ukiwa unaipigia kigelegele, haiwezi kukusahau siku ya shida.

Siku ya shida ilishuka ikiwa nyeupe.

*

Sakitu waliijua Kilimabaridi. Sakitu huja alfajiri, huunguza majani ya viazi, na jua likitoka huondoka zake. Theluji walikuwa wakiiona kwa mbali tu, juu ya mlima, imekaa kwenye kilele bila kumsumbua mtu. Safari hii iliteremka. Ilianza wakati watu wanatoka mashambani, ikanyesha bila sauti mpaka asubuhi, na walipofungua milango wakakuta imesimama kizingitini, imefika magotini, inangojea kuingia. Ng'ombe walikufa wamesimama. Bwawa la kuogeshea mifugo liliganda likawa uwanja.

Redio ya Taifa ilitoa tamko mara moja. Ilisema wananchi wa Kilimabaridi wapuuze uvumi kwamba kuna theluji, kwa kuwa ratiba ya mwaka haina theluji. Kilichoonekana ni ukungu uliochoka.

Kesho yake paa la ghala la mbegu lilibomoka kwa uzito wa ukungu huo uliochoka. Likafuata la shule ya msingi, kwa bahati njema siku ambayo hakukuwa na masomo. Hapo Serikali ikabadili msimamo, ikatangaza kwamba theluji ipo, imeletwa na uongozi bora, na ni fursa ya utalii. Kikaundwa Kikosi Kazi cha Taifa cha Theluji. Ofisi yake iliwekwa ufukweni, kwa sababu wajumbe walieleza kitaalamu kwamba kwenye theluji kuna baridi.

Sikudhani aliyasikia hayo redioni akitikisa kichwa kwa kukubali. Mawazo yake yalikuwa kwa Tausi, binti yake wa pekee, aliyekuja kujifungulia nyumbani kama desturi inavyotaka kwa mimba ya kwanza. Mumewe alibaki bondeni kwenye mashamba ya chai. Uchungu ulianza siku ile ile ya tangazo. Nesi Perpetua wa zahanati alikuja akiwa amejifunga magunia miguuni, akampapasa binti tumboni, akamvuta Sikudhani pembeni.

"Mama Tausi, mtoto amelala kingamo, hajatanguliza kichwa. Hapa siwezi. Anatakiwa apasuliwe, na mapema."

"Na kile chumba chenu cha upasuaji?"

"Kile kina utepe," alisema nesi, na hakuona haja ya kueleza zaidi. Chumba kilikuwepo, kizuri, taa zake zimefungwa nailoni. Daktari wake hakuwahi kuletwa, kwa kuwa kuletwa kwake ni sehemu ya uzinduzi.

Ilibaki hospitali ya bondeni, na barabara ya bondeni ilikuwa imezikwa.

*

Hapa lazima lisimuliwe kosa la wananchi, maana walifanya jambo kubwa bila kuagizwa. Walitoka kila mlango. Walikuja na majembe, mabeleshi, masufuria, vipande vya mabati yaliyoanguka kwenye shule, hata ubao wa matangazo wa kata. Walichimba barabara kutoka zahanati mpaka Kona ya Mawe, ambako theluji iliishia na matope ya kawaida yakaanzia. Pale chini lori la viazi la Mzee Nzunda lilikuwa limewashwa, likisubiri. Watu walikuwa wamelowa, vidole vimekufa ganzi, na bado walitaniana. Pande la mwisho la theluji lilipovunjwa na upande wa pili ukaonekana, wanaume wazima walikumbatiana.

Tausi alikuwa tayari kwenye machela ya mablanketi, mabegani kwa vijana wanne. Sikudhani alimshika mkono.

"Twende, mwanangu. Tumefika."

Ndipo Mkuu wa Wilaya, Bwana Evarist Mgoda, alipotokea nyuma yao, amevaa koti la manyoya na viatu vya kumeremeta. Alikuwa ametembea vizuri sana juu ya barabara iliyochimbwa. Aliongozana na Kamanda Chubwa wa polisi, naye Kamanda alikuwa ameshika utepe mwekundu. Wakaufunga kutoka jiwe hadi jiwe, mbele ya machela.

"Hongereni sana, ndugu wananchi," alisema Bwana Mgoda. "Kazi nzuri. Sasa naomba mrudi nyuma ya utepe."

"Tuna mgonjwa, baba," alisema Sikudhani.

"Namwona. Na Serikali inamwona. Lakini barabara hii haijazinduliwa."

"Si ni barabara yetu ya siku zote?"

"Ile ya siku zote ilifunikwa, Mama Tausi. Hii mmeitoa chini ya theluji leo. Hii ni mpya."

Watu wakatazamana. Wengi waliona hoja ina mantiki, na hapo ndipo elimu ya uraia ya nchi ile inapoonyesha matunda yake.

Simu ya Mkuu wa Wilaya ikalia. Alijinyoosha kabla ya kuipokea, kana kwamba simu ina macho. Akaitikia "Ndiyo, Mheshimiwa" mfululizo, halafu akaitazama barabara iliyo safi, na uso wake ukasawajika. Waziri wa Majira na Mafanikio angefika kesho asubuhi, kwa helikopta, akiwa na waandishi wa habari, kuzindua Zoezi la Taifa la Kuondoa Theluji.

"Sasa mmenifanyia nini?" aliwafokea. "Theluji iko wapi? Mheshimiwa anakuja kuzindua uondoaji wa theluji, nyie mmeshaiondoa! Atazindua nini? Matope?"

Akanyoosha kidole kwenye marundo ya theluji kando ya barabara.

"Irudisheni."

*

Wasomaji wa nchi nyingine watauliza kama walikataa. Swali hilo ni la watu wasiojua kulelewa. Hata hivyo manung'uniko yalikuwepo, na Mzee Nzunda, aliyepanda kutoka kwenye lori lake kuona kinachochelewesha, alitukana waziwazi. Bwana Mgoda, ambaye hakuwa mjinga kama mtu anavyoweza kudhani, alielewa kwamba watu wale hawatamsikiliza yeye. Akamwendea aliyesikilizwa.

"Mama Tausi, wewe ni mtu wetu," alisema kwa upole. "Hebu fikiria. Lori la viazi, mashimo yote yale, mgonjwa atarushwarushwa mpaka afike amekufa. Helikopta itakayomleta Mheshimiwa ndiyo itakayomshusha binti yako. Robo saa yuko hospitali. Nitamwambia mwenyewe Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa mpiga vigelegele wetu."

"Helikopta?"

"Kesho asubuhi na mapema. Subira yavuta heri."

Tausi alinyanyua kichwa kutoka kwenye machela. "Mama, tushuke tu. Lori lile pale."

Sikudhani alilitazama lori, likitoa moshi mweusi na kutetemeka. Akamtazama Mkuu wa Wilaya, ambaye yeye mwenyewe alimpigia vigelegele siku alipoapishwa. Akafikiria robo saa.

"Helikopta, mwanangu," alisema. "Wametukumbuka."

Kisha yeye, kwa mdomo wake, alianzisha wimbo wa kazi. Wanawake wakaitikia, kwa mazoea, na wanaume wakainua mabeleshi. Theluji ikarudi barabarani. Bwana Mgoda alisimamia akielekeza iongezwe hapa, ishindiliwe pale, na penye kona ipandishwe juu ya kimo cha mtu, ili ipendeze kwenye picha. Ilirudi ikiwa nyingi kuliko alivyoileta Mungu. Tausi akarudishwa zahanati.

*

Asubuhi kulikuwa kweupe na kumetulia, hali nzuri kabisa ya kurukia. Sikudhani na wenzake walijipanga kando ya utepe tangu mapema, wamevaa vitenge vyenye sura ya Waziri, meno yanagongana. Mkuu wa Wilaya alikuwa na redio mkononi, ili wafuatilie msafara.

Msafara ulichelewa kidogo kwa sababu ya kiitifaki. Helikopta ilikuwa mpya. Haikuwa imezinduliwa.

Redio ikawaletea uzinduzi wa helikopta wote, neno kwa neno. Viongozi wa dini walisali, kila mmoja kwa zamu na kwa kirefu. Rubani alitambulishwa, kisha akatambulishwa mwalimu wake wa shule ya msingi. Kisha Waziri akahutubia. "Helikopta hii," alisema, na sauti yake ikavuma juu ya theluji, "si chuma. Helikopta hii ni upendo. Wapo wanaobeza, wanauliza, kwa nini helikopta? Nami nawajibu, kwa nini wao?" Makofi yakapigwa ufukweni. Bwana Mgoda, peke yake juu ya mlima, akapiga pia.

Adhuhuri ikatangazwa kwamba ujumbe uko kwenye chakula. Jua lilipoanza kuinama ikatangazwa kwamba, kwa kuwa jua limeinama, Mheshimiwa atasafiri kesho.

Sikudhani alipanda mbio hadi zahanati. Tausi hakuwa akilia tena. Alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka, nesi akimfuta jasho.

"Mama," alisema kwa sauti iliyokauka, "hachezi tena."

Basi. Kitu fulani kilijifunga ndani ya mwanamke yule, na kingine kilifunguka. Alitoka nje, akachukua beleshi lililoegemezwa ukutani, akashuka mpaka kwenye utepe bila kumsalimia mtu, akaanza kuchimba. Hakuita wenzake. Walikuja wenyewe, na vitenge vyao, sura za Waziri zikikunjamana viunoni kila walipoinama.

"Mama Tausi!" Bwana Mgoda alikuja akiteleza. "Unaharibu mandhari! Kesho si mbali! Nimekwambia subira yavuta heri!"

"Na ngojangoja huumiza matumbo," alisema bila kuinuka. "Tumbo lenyewe liko zahanati, Mheshimiwa. Nenda ukalitazame."

"Kamanda! Kamata hawa!"

Kamanda Chubwa alichomoa pingu, akapiga hatua mbili. Bi Anzelma, mkongwe wa kikundi, aliyeimba kwenye operesheni nyingi za polisi, alisimama akaegemea jembe lake.

"Operesheni hii imezinduliwa na nani, afande?"

Kamanda akasita. Akamtazama Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya akatazama mbingu, upande ambao mgeni rasmi angetokea, na mbingu ilikuwa tupu. Tangu kujiunga na jeshi Kamanda hakuwahi kukamata hata mwizi wa kuku bila utepe kukatwa. Alirudisha pingu kiunoni polepole. Wanawake wakachimba wakampita kulia na kushoto, wakamwacha amesimama juu ya kichuguu cha theluji, akilinda amani.

Vijana waliileta machela. Hakuna aliyefungua utepe. Sikudhani alitembea tu mpaka kifua chake kikaugusa, akaendelea kutembea, na utepe ukakatika. Miaka yote hiyo alidhani ni kitu kigumu.

*

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, na alikuwa amekufa.

Daktari wa bondeni alikuwa kijana aliyechoka, hakujua habari za Kilimabaridi, hakujua anaongea na nani. Alisema tu, "Mngefika jana, mama. Jana tungemtoa akiwa analia."

Tausi aliokolewa. Aliposhonwa na kuamka aligeuzia uso ukutani. Mama yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, asijue aiweke wapi.

"Nilikwambia tushuke," Tausi aliuambia ukuta.

Wakamzika bondeni, Mzee Nzunda na baba wa mtoto na Sikudhani, mahali penye udongo mlaini. Kilio hakikumtoka. Kilikaa kooni, kikavimba.

*

Jua lilirudi Kilimabaridi na theluji ikayeyuka bila idhini ya mtu. Barabara ikawa matope, kisha vumbi. Na sasa, kwa kuwa ratiba ya Waziri ilikuwa imepata nafasi, Waziri akaja.

Bwana Mgoda hakushindwa. Wafungwa walipelekwa mlimani kwa malori, wakaishusha theluji ndani ya magunia, imefunikwa maranda ya mbao, wakaimwaga Kona ya Mawe chini ya turubai. Utepe ukafungwa mpya. Kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa Sikudhani, akavua kofia mlangoni.

"Pole sana, Mama Tausi. Kazi ya Mungu haina makosa."

Haikuwa kazi ya Mungu, na wote wawili walijua.

"Nilijaribu kumweka mjukuu wako kwenye hotuba," aliendelea. "Wakubwa wakasema taarifa ya mafanikio haina nafasi ya marehemu. Lakini tunakuhitaji. Itifaki unaijua. Bila kigelegele chako Mheshimiwa hawezi kukata."

Sikudhani alikivuta kitenge chenye sura ya Waziri kutoka kwenye kamba, akakikunja.

"Nitakuja," alisema. "Nitakuja na wenzangu wote."

Wakaja. Walijipanga mahali pao pa siku zote, vitenge vile vile, vimefuliwa. Helikopta ikatua kwa vumbi jingi. Waziri alishuka amevaa glavu na skafu katika jua kali, kwa sababu ya picha, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Turubai likavutwa. Theluji ikameta, kiasi cha kujaza chumba kimoja, ikaanza kuvuja maji pembeni, na Waziri akaongea haraka.

"Ndugu wananchi! Dunia ilitutazama. Dunia ikasema, hawa watashindwa. Leo nasimama mbele ya theluji hii na kuiambia, ondoka! Na ninayo furaha kutamka kwamba, kwa uongozi thabiti na maandalizi ya mapema, katika janga hili hakuna mwananchi hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyepoteza maisha."

Akachukua mkasi kutoka kwenye sinia. Akauinua. Akawageukia wanawake, akatabasamu, akasubiri.

Sikudhani alifungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa kigelegele. Kilikuwa kile kilichokuwa kimekaa kooni tangu bondeni, kilio cha msiba, kile ambacho wanawake wa Kilimabaridi hukipiga mara moja tu, maiti inapotoka mlangoni. Kilivuka vilima viwili na kurudi. Bi Anzelma akakipokea. Wakakipokea wote, mikono kichwani, wakikaa chini mmoja mmoja kwenye vumbi na matope.

Waziri hakujua mila za mkoa ule. Aliinua mkono, akawapungia. Bwana Mgoda alijua, akatazama viatu vyake. Waandishi walipiga picha. Mkasi ukakata utepe, na kilio hakikukoma, kama kigelegele kinavyopaswa kukoma utepe ukikatwa. Waziri akapunga tena. Kikapanda. Wanaume wa Kilimabaridi waliokuwa wamesimama nyuma wakavua kofia zao.

"Wanashangilia nini kwa muda mrefu hivi?" Waziri aliuliza, bado anatabasamu.

Wanawake waliendelea kulia, wakimtazama usoni, mpaka mkono ule ukashuka.